Daraja, Barabara ya Kasi na Foleni ya Mjini: Tuhesabu Watu Kabla ya Gari

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa masheha mliokuja kutoka Mjini na Magharibi, walimu, wanafunzi wa uhandisi na wa mipango miji, wazee wangu na ndugu zangu nyote, Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mmenitaka nizungumzie madaraja ya juu na barabara kuu za mwendo wa kasi kama dawa ya foleni ya mji wetu wa Zanzibar, nami nimekubali kwa furaha, ingawa najua baadhi yenu mmekuja mkitaraji kusikia ndiyo au hapana. Kazi ya barabara nimeifanya tokea nikiwa kijana wa kutumwa kushika ncha ya utepe wa kupimia mpaka siku niliyostaafu, na katika miaka yote hiyo sikumbuki suala hata moja la barabara lililojibiwa kwa neno moja na jibu likakaa. Jibu langu la leo lina sharti ndani yake, na ni vyema nilitaje mapema: daraja na barabara mpya vitausaidia mji huu ikiwa tutaanza kwa kuhesabu watu wanaotaka kufika, na gari tukazihesabu baadaye. Tukianza na gari, tutajenga sana, tutakopa sana, na foleni tutaikuta imetutangulia mbele ya safari.

Naanzia Darajani. Kila siku tunasema tunakwenda Darajani, na mgeni akituuliza daraja lenyewe liko wapi tunacheka tu. Daraja lilikuwepo. Mji Mkongwe ulikuwa rasi iliyokaribia kuwa kisiwa, ikitengwa na hori lililoingia kutoka upande wa Funguni na kufurika kila bahari ilipojaa, na watu walivuka kwenda upande wa pili, ambao wenyewe wa mjini waliuita Ng'ambo, jina ambalo mpaka leo halijabanduka. Hori lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, ikapita hapo barabara ambayo sasa inaitwa ya Benjamin Mkapa na ambayo wazee wenzangu bado wanaiita Creek Road. Maji yalikwenda, jina likabaki, na Ng'ambo ikawa kubwa kuliko mji uliokuwa ukiitazama kutoka juu ya daraja. Sisemi kwamba daraja peke yake ndilo lililoikuza Ng'ambo. Palikuwa na kazi, palikuwa na ardhi, palikuwa na watu waliokuja kutoka shamba na kutoka Bara. Ninachosema ni kwamba njia ikishafunguka, mji huifuata, na anayejenga daraja leo ana wajibu wa kuuliza nani atavuka kesho na atajenga nini akishavuka.

Hayo si mambo ya kale. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 893,169 katika mkoa huo huo. Hao ni watu karibu laki tatu walioongezeka ndani ya miaka kumi, katika mkoa ambao kisiwa kizima kinautegemea kwa bandari, uwanja wa ndege, hospitali kubwa, ofisi za Serikali, masoko na vyuo. Wengi wa hao wapya hawakupata nafasi Kikwajuni wala Mlandege. Wamejenga Fuoni, Kisauni, Mwera, Chuini na kwengineko ambako mimi nilikuwa nikienda kupima njia katikati ya minazi na mihogo. Wanalala huko, lakini mchana wao uko mjini. Kwa hiyo kila siku ya kazi wanaingia wote pamoja asubuhi na kutoka wote pamoja jioni, kwa kupitia barabara zile zile chache ambazo zinakutana Mwanakwerekwe, Amani, Michenzani na Malindi.

Kupangwa tulipangwa, na wala si mara moja. Mwaka 1923 alikuja Lanchester, mtaalamu wa mipango miji kutoka Uingereza, akatuchorea mpango wa mji; mwaka 1958 ukatoka mpango wa mtaalamu mwengine, Kendall; mwaka 1968, baada ya Mapinduzi, wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakatoa wa kwao, na barabara pana za Michenzani, zile zinazokata msalaba baina ya majumba ya maendeleo, ni mazao ya zama hizo; mwaka 1982 ukaja mpango wa Wachina. Kila mpango ulikuta mji umeshaukimbia ule uliotangulia. Nataja hayo kwa ajili ya wanafunzi mlio hapa, ili mjue kwamba mnairithi kazi yenye ramani nyingi, na kwamba ramani haijawahi kumzuia mtu mwenye matofali yake na haja ya kulala chini ya bati lake.

Sasa niingie kwenye ufundi, kwa sababu foleni ina hesabu zake, nazo si ngumu. Barabara inayokwenda bila kusimamishwa inaweza kupitisha gari zipatazo 2,000 kwa saa katika njia moja. Njia hiyo hiyo ikifika kwenye makutano na ikapewa ruhusa ya kupita kwa sekunde 30 tu katika kila dakika mbili, inabaki na robo ya uwezo wake, yaani gari zisizozidi 500 kwa saa, hata kama lami ni mpya na pana mpaka pale. Ndiyo maana nimekuwa nikisema kwamba foleni haikai barabarani. Inakaa kwenye makutano, na barabara ni ukumbi wake wa kusubiria tu. Makutano ya kawaida ya barabara nne yana sehemu 32 ambapo njia za gari zinaweza kugusana: 16 ni za kukatana uso kwa ubavu, 8 za kuungana na 8 za kuachana. Daraja la juu linaloupandisha mkondo mmoja na kuupitisha hewani linaziondoa nyingi katika zile za kukatana, ambazo ndizo zinazoua watu na ndizo zinazokula muda. Kwa hiyo madaraja ya juu ya Mwanakwerekwe na Amani hayakubuniwa kwa ajili ya mapambo, na mtu asinisikie vibaya hapo.

Lakini ruhusuni niwapeleke Mwanakwerekwe ile ya kabla ya kazi za daraja. Asubuhi moja niliketi kwenye benchi la mama muuza uji, upande wa soko, nikiwa na daftari na penseli kama zamani. Ilikuwa saa moja na robo. Askari wa usalama barabarani alisimama katikati na glavu zake nyeupe, na mbele yangu palikuwa na msururu wa gari kumi zikimngojea ageuze mkono. Nane zilikuwa gari ndogo, na ndani ya hizo nane, nikiwahesabu madereva na aliokaa nao, mlikuwa na watu kumi na mmoja. Moja ilikuwa lori lenye kontena, limetoka bandarini Malindi, limejilaza kama papa aliyekwama kwenye maji madogo. Na moja, ya nane katika foleni, ilikuwa gari ya abiria iliyojaza watu kumi na wanane, ukimwacha konda aliyening'inia mlangoni na watoto wawili wa skuli waliopakatwa. Mkono wa askari ukageuka, zikapita gari tano, mkono ukarudi. Wale kumi na wanane wakabaki pale pale, nyuma ya lori na nyuma ya bwana mmoja aliyekuwa peke yake ndani ya gari ya viti saba. Kitabu cha takwimu za barabara kingeandika kwamba zimepita gari tano. Daftari langu liliandika kwamba wamepita watu saba, na wamebakia zaidi ya ishirini.

Nauliza: tukimjengea daraja yule bwana wa viti saba, akapita kwa kasi juu, na ile gari ya abiria ikabaki chini kwa sababu kituo chake kiko chini, tumepunguza foleni ya nani? Hapa ndipo usanifu unapokuwa siasa, hata kama mhandisi hapendi neno hilo. Abiria wa gari ya njia namba 502 anayetoka Bububu na yule wa 505 anayetoka Uwanja wa Ndege hawapandi juu ya daraja kama daraja halina mahali pa kuwashusha. Wanashuka chini, wanakata barabara kwa miguu baina ya vespa na bodaboda, na wakibahatika wanakuta njia ya miguu haijageuzwa genge la ndizi.

Majirani zetu wametutangulia kujenga, na tungekuwa wavivu kama hatukwenda kutazama wamepata nini. Wengi wetu tunaijua Dar es Salaam kwa kushukia botini. Ukitoka pale gatini, ndani ya miaka michache mji ule umebadilika sana. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680 na njia sita, lilifunguliwa Aprili 2016, na mtu wa Kigamboni ambaye zamani alikuwa mateka wa pantoni akapata njia ya nchi kavu. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara likafunguliwa Septemba 2018, lile la Kijazi la Ubungo, lenye ngazi tatu, likafuata Februari 2021, na Daraja la Tanzanite, linalopita baharini kwa zaidi ya kilomita moja kuelekea Oysterbay, likafunguliwa Machi 2022. Kila moja lina faida yake na mimi nimeyapita yote. Hata hivyo niliyoyaona baada ya Mfugale kufunguliwa ni somo la darasani: tulivuka Tazara kwa nusu dakika, dereva akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, na kabla hajamaliza kulitamka neno tukasimama nyuma ya foleni ya taa zinazofuata. Foleni haikufa. Ilihama, ikaenda kungojea mahali ambapo mkandarasi hakufika.

Jengine la Dar es Salaam ambalo halipigwi picha sana kama madaraja ni mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara. Yana matatizo yake ya idadi ya mabasi, ya tiketi na ya msongamano, na pale Jangwani mafuriko ya Msimbazi yameyasimamisha zaidi ya mara moja. Lakini fikra yenyewe ndiyo ninayoitafuta: kipande cha barabara kinakabidhiwa gari inayobeba watu wengi, na mwenye gari ndogo, awe mkubwa namna gani, anaambiwa hapa si pako.

Nairobi walichagua njia nyengine. Barabara yao ya kasi ya kilomita 27, kutoka Mlolongo mpaka Westlands, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo, ilianza kupitisha gari Mei 2022 na inatozwa fedha. Mwenye haraka na mwenye nacho anafika kutoka uwanja wa ndege kwa dakika chache, jambo zuri kwa biashara na kwa mgeni, wala sioni haya kulisifu. Aliye katika matatu, chini ya kivuli cha zile nguzo, ana habari nyengine. Na sisi tukijenga barabara ya kulipia, ni lazima tuseme kwa sauti, kabla ya mkataba kutiwa saini, ile ya chini ya bure itakuwa na hali gani na nani ataifanyia matengenezo.

Mji ninaopenda kuutolea mfano zaidi ni Istanbul, kwa sababu wao, kama sisi, wamekatwa na maji, na wao wana subira ya kujenga kuliko sisi. Daraja la kwanza la kuuvuka mlango wa bahari wa Bosfori, kuunga Asia na Ulaya, lilifunguliwa Oktoba 1973, na watu wakaamini kwamba shida ya kuvuka imekwisha. Haikuchukua muda likajaa. Mwaka 1988 wakafungua la pili, kaskazini ya lile la kwanza, lenye barabara kuu ya kasi pande zote mbili. Kando ya barabara hiyo mji ukatambaa kuingia kwenye misitu na mashamba, na wakaazi wa mitaa hiyo mipya wakawa ndio wateja wakubwa wa daraja. Mwaka 2016 likafunguliwa la tatu, kaskazini zaidi, karibu na Bahari Nyeusi. Baina ya la pili na la tatu, mwaka 2013, walifungua reli inayopita chini ya bahari, Marmaray, na hiyo ndiyo iliyowapa watu wasio na gari njia ya kuvuka bila ya kuomba ruhusa ya foleni. Istanbul leo ina madaraja matatu, ina njia ya chini ya bahari ya gari ndogo iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2016, na bado ni miongoni mwa miji inayotajwa duniani kwa foleni.

Kwa nini inakuwa hivyo? Mchumi wa Marekani Anthony Downs alieleza tokea mwaka 1962 kwamba barabara ya kasi ya mjini, katika saa za kwenda na kutoka kazini, hujaa mpaka ikafika kiwango chake cha mwisho. Sababu yake haihitaji chuo kikuu. Kuna watu ambao leo wanatoka alfajiri kuikwepa foleni. Barabara ikipanuliwa watatoka saa moja. Kuna wanaopita vichochoro. Watarudi barabara kuu. Kuna wanaopanda daladala kwa sababu kuendesha ni adhabu, watanunua gari. Na kuna wenye viwanja mbali ambao hawajajenga, watajenga. Safari zote hizo zilikuwepo zimejificha, na barabara mpya inazitoa mafichoni. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti wa miji ya Marekani ulioonesha kwamba barabara kuu zikiongezwa, mwendo wa gari nao huongezeka takriban kwa kiwango kile kile. Kule wana ardhi isiyokwisha. Sisi Unguja nzima, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, mtu anaizunguka kwa siku moja na akarudi kusali magharibi nyumbani kwake.

Mniruhusu kidogo nitoke nje ya mstari. Mwaka 1905 mji huu ulikuwa na treni. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikitoka karibu na Ngome Kongwe, ikakata vichochoro na kupita pwani mpaka Bububu, maili saba hivi, na ikapakia watu wa mjini na wa shamba pamoja mpaka gari za petroli zilipoipiku. Sidai tuirudishe. Ila kila nikisikia kwamba Mzanzibari hawezi kuzoea kupanda chombo kimoja na wenzake wengi kwa saa maalumu, namkumbuka babu yangu, aliyekuwa akieleza namna walivyokuwa wakiijua saa kwa filimbi ya treni ile.

Turudi kwenye zege. Daraja la mjini kwetu lina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari unapeleka chumvi ndani ya vinyweleo vya zege, ikifika kwenye nondo nondo inaoza, inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Kwa hiyo unene wa zege linalofunika nondo, ubora wa mchanganyiko na ukaguzi wa viungio vya kutanukia si mambo ya kuachiwa mkandarasi peke yake halafu tukakutana siku ya kukata utepe. Mkopo wa kujenga unapatikana. Sijawahi kuona mkopo wa kuzibua mitaro ya daraja. Adui wa pili ni maji ya mvua. Mwanakwerekwe ni bonde, na mtu yeyote aliyepita hapo wakati wa masika anaikumbuka hali ilivyokuwa ziwa likifurika: vespa zinazimika moja baada ya moja, wanaume wanakunja suruali na kuzisukuma, akina mama wamebeba viatu mkononi na mtoto mgongoni, na gari kubwa ikipita inawapelekea wimbi. Daraja la juu linapandia kwenye tuta, na tuta ni ukuta. Ukuta ukikaa katikati ya bonde bila ya makalvati ya kutosha ya kupitishia maji chini yake, gari zitapita juu zikiwa kavu na nyumba za upande mmoja zitakuwa ndani ya maji. Mchoro wa daraja usikubaliwe kabla ya mchoro wa mtaro.

Watu wengine wameniuliza kama basi mimi ni mpinzani wa madaraja. Nendeni Uzi. Kutoka Unguja Ukuu kuna njia ya mawe inayokata mikoko kuelekea kisiwani, na bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, njia hiyo inazama. Nimewahi kusimama pale na mwalimu mmoja aliyekuwa amevaa vizuri, mkoba wake wa vitabu kichwani, anatazama maji kama mtu anayesoma saa. Hakuwa na hasira. Aliniambia kwamba ratiba ya kazi yake imeandikwa na mwezi, na kwamba mgonjwa au mzazi akishikwa usiku maji yakiwa yamejaa, watu wanatafuta mtumbwi. Daraja la pale silihitaji kulihesabia gari. Hata ikipita moja kwa siku, lijengwe. Hilo ni daraja la kumwezesha mtu kufika, na daraja la Mwanakwerekwe ni la kumwezesha mtu kufika mapema. Tatizo letu ni kwamba hoja ya la kwanza huazimwa kulitetea la pili, na kwa la pili hesabu ni lazima.

Kuna mambo madogo ambayo hayana nguzo wala utepe wa kukatwa na ambayo yangepunguza foleni kabla ya zege la kwanza kukauka. Skuli na ofisi zinaanza karibu saa moja. Tofauti ya nusu saa baina yao ingetawanya safari za asubuhi. Malori ya makontena ya Malindi yangeweza kupewa saa za usiku, mpaka shehena itakapohamia bandari ya Mangapwani. Na maegesho ya Darajani na Mlandege, ambapo gari moja inayotafuta nafasi inazuia ishirini, yangelipiwa kwa saa badala ya kuwa bure kwa aliyewahi. Kwa haya nasema kwa ufupi, kwa kuwa mnayajua.

Nimalizie na lile ambalo ndilo hasa lililonitoa nyumbani. Tutahitaji barabara ya mchepuo itakayoziondoa katikati ya mji gari zisizokuwa na shughuli mjini, na ninaikubali. Ila naiwekea masharti matatu, na nawaomba masheha myaandike. La kwanza, hifadhi ya barabara, yaani ardhi inayotengwa kwa ajili yake, ipimwe na iwekwe mawe sasa, kabla ya ramani kuvuja na viwanja kuuzwa mara mbili, kwa sababu nimeshashika rangi nyekundu kuchora alama ya X kwenye ukuta wa nyumba ya mtu aliyenipa maji ya kunywa dakika chache kabla, na sitaki kijana yeyote aliye ukumbini hapa aje apewe kazi ile. Wanaostahiki fidia walipwe kabla tingatinga halijafika. La pili, milango ya kuingilia barabara hiyo iwe michache na ya kudumu, kwani kila anayepewa kibali cha kufungua duka au kituo cha mafuta ubavuni mwake anaigeuza kuwa barabara ya mtaa, na miaka kumi baadaye tutakaa humu humu tukiomba mchepuo wa mchepuo. La tatu, na hili silipunguzi, njia moja kila upande iwe ya gari za abiria tokea siku ya kwanza, na vituo vyake viwe vimejengwa, vina kivuli na vina njia ya mtu mwenye kigari cha magurudumu. Ukisema utaiongeza baadaye, wenye gari ndogo watakuwa wameshaizoea, na hakuna waziri atakayethubutu kuwanyang'anya.

Wanafunzi walioniuliza mlangoni waanzie wapi, naomba Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane Amani, upande wa uwanja wa mpira. Kila mmoja aje na daftari lenye mistari miwili iliyoandikwa juu, wa kwanza "gari" na wa pili "watu", na tutahesabu mpaka saa mbili. Penseli ninazo za kutosha.